Uchumi wa Kanda ya Ziwa: pesa ya kwanza iende kwenye sola au kwenye vizimba vya maji marefu?

#1 Mhasibu wa Ziwa
Wakuu, salaam. Tanzania ndiyo yenye sehemu kubwa ya Ziwa Victoria, kama asilimia 51. Uganda wana 43, Kenya wana 6 tu. Halafu angalia hali ya mialo yetu, pale boti za uvuvi zinapotia nanga na kushusha samaki.

Hoja yangu ni hii. Mkoa wa Mwanza ukipewa fungu moja tu la kuinua uchumi wa ziwa, liende kwenye nishati: taa za sola za dagaa, barafu ya sola visiwani, na injini za betri. Vizimba (yale matundu ya wavu ya kufugia samaki ziwani) vya kwenda mbali na mwalo visubiri. Mafuta ya taa na petroli ndiyo yanayomaliza faida ya tajiri mwenye boti na mgao wa wavuvi kabla samaki hajafika soko la Kirumba. Anayepinga apinge kwa namba.

#2 Siti ya Mbele
Nimeweka kambi. Nawasubiri watu wa vizimba.

#3 Fundi Volti
Kwenye taa niko na wewe, ila nyingi zinazouzwa mwaloni ni takataka na ndiyo maana watu wamerudi kwenye karabai.

Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 10 inakula wati-saa 100. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 18, ina wati-saa 216 kwenye karatasi, lakini huruhusiwi kuishusha chini ya nusu kila usiku, itakufa mapema. Maana yake ya 18 ndiyo kiwango cha chini kabisa. Muuzaji anakuwekea ya 7, ambayo hata ukiikamua yote ni wati-saa 84. Saa nane usiku mwanga unafifia, dagaa waliokusanyika wanatawanyika.

Paneli nayo. Wati 50 kwa jua la saa 5, toa asilimia 30 ya hasara, unabaki na 175. Safi, hata siku ya mawingu unapumua. Ukiweka ya wati 20 unarudisha 70 wakati unatumia 100. Usiku wa pili umeshashuka chini ya nusu ya betri, usiku wa tano taa haifiki alfajiri. Mvuvi anasema "sola haifai". Sola inafaa, kilichokosewa ni ukubwa wa paneli.

Kingine: maji hayaingii kupitia kioo, yanaingia kwenye tundu la waya. Tundu litazame chini, lifungwe kwa kikaza cha mpira, na waya uachwe uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia ndani. Tone likifuata waya linadondokea pale chini, halipandi. Vichwa vya betri vipake grisi, ule ukungu wa kijani ukianza umeshachelewa.

#4 Kamba Nane
Fundi umeongea, ila umeegemea kwenye wati tu. Tatizo la LED ni namna inavyotupa mwanga. Karabai inamwaga mwanga pande zote. LED ya kichina inatupa mbele kama kurunzi. Ukiielekeza chini unapata kiduara kidogo, dagaa wa pembeni hawaoni kitu. Na rangi: ule mweupe wenye ubluu kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza yaliyojaa mwani hauendi mbali, unaishia juu juu. Nje huko maji ni meupe, taa ile ile inafanya kazi. Watu wanalaumu betri kumbe wanavua kwenye supu.

#5 Bi Nansio
Nyote mmeruka jambo moja. Boti ni nyingi na kila boti imeongeza taa. Mwanga unavuta dagaa kwa sababu jirani yake ni giza. Ukiwa na boti thelathini eneo moja kila moja na taa zake, hakuna giza lililobaki, mnagawana dagaa wale wale. Hii ndiyo sababu ile ile inayofanya mbalamwezi ikipanda wavuvi wapande nchi kavu. Ongeza na nyavu zilizo chini ya milimita 8 zinazobeba wachanga, halafu useme taa imepunguza samaki.

#6 Sangara Mkavu
Uzi haujafika hata ukurasa wa pili tumeshapata wachawi watatu: betri, rangi na jirani. 😂

#7 Boya Jeusi
Sasa nije na vizimba maana mwenye uzi amevisukuma nje bila kuvisikiliza.

Mita 6 kwa 6, wavu ndani ya maji mita 5, hiyo ni mita za ujazo 180. Weka sato 40 kwa kila moja, unapata 7,200. Ruhusu asilimia 10 wafe. Ukivuna wakiwa gramu 400 unatoa kilo 2,592 kwa miezi sita mpaka minane. Kizimba kimoja tu! Boti ya sangara inayozunguka usiku kucha na kurudi na samaki wa kubahatisha haina uhakika huo.

Na hii siyo ndoto ya mtu wa mtandaoni. Januari 2024 Rais Samia alikuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya mkopo. Serikali imeshaonyesha inakoelekea. Kilichobaki ni kuvitoa ufukweni kuvipeleka kwenye maji marefu, maana ghuba zimeshachafuka na magugu maji yanavisonga.

#8 Mhasibu wa Ziwa
Boya Jeusi, umetaja mavuno ukaruka chakula. Kilo 2,592 kwa uwiano wa 1.7 (kilo 1.7 za chakula kwa kila kilo ya samaki) ni kama kilo 4,400 za chakula. Mifuko ya kilo 20 hiyo ni 220. Chukulia kilo ni shilingi 3,000, kila kilo ya sato imekula 5,100 kabla ya vifaranga, mlinzi na petroli ya boti ya kulishia. Sasa niambie unamuuzia nani.

#9 Boya Jeusi
Uwiano wa 1.7 ni wa mtu anayemwaga chakula kwa ndoo. Lisha kwa mkono, kidogo kidogo, ukiona wameacha kuja juu simamisha. Weka pete ya wavu mdogo juu ya maji ndani ya kizimba ili mawimbi yasibebe punje za kuelea kwenda nje. Unashuka mpaka 1.4 au 1.5. Pima uzito wa samaki kila wiki mbili, usikadirie kwa macho.

#10 Mlima wa Bugando
Mnasema "maji marefu" kama vile ni dawa. Ziwa hili wastani wa kina ni mita 40, mwisho wake ni kama 80. Sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia Septemba mpaka Mei hivi, maji ya juu yenye joto yanakaa juu ya maji ya chini yaliyopoa na yasiyo na hewa. Juni mpaka Agosti pepo za kusini mashariki zinayavuruga yanachanganyika.

Hatari iko hapo. Upepo mkali ukisukuma maji ya juu upande mmoja, yale ya chini yanapanda upande wa pili. Hewa ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita sato wanaacha kula, ikiendelea wanakufa na kuelea. Kisumu mwaka 2022 wafugaji walipoteza vizimba vizima kwa njia hiyo. Samaki wa porini anakimbia, wa kwenye wavu anakwenda wapi?

Dalili: alfajiri wanakuja juu wanapumua kwa midomo, maji yananuka yai bovu. Hapo usilishe. Chakula kinawaongezea haja ya hewa. Punguza idadi, vuna waliofikia uzito, kama una boti mbili kivute kizimba taratibu sana.

#11 Kayenze Kwetu
Kwa hiyo ufukweni kuna uchafu, mbali kuna maji yasiyo na hewa. Tufugie kwenye ndoo basi.

#12 Mlima wa Bugando
@Kayenze Kwetu, jibu liko katikati. Mita 10 mpaka 20 za kina, wavu usikaribie tope, acha angalau mita 5 chini yake, na mkondo upite. Pia usipange vizimba vikafuatana kwenye mstari wa mkondo, wa mwisho watakuwa wanapumua mabaki ya wa kwanza.

#13 Kamba Nane
Niongezee nanga, maana hapo ndipo pesa inapozama. Watu wanamwaga zege la kilo 500 wanadhani wana kilo 500. Majini zege linabaki na uzito wa kama kilo 290. Kamba iwe mara tatu ya kina: pakiwa mita 15, kamba ni 45 kila kona. Ukiifupisha, wimbi linanyanyua nanga badala ya kuivuta kwa ubavu. Kipande cha mwisho chini kiwe mnyororo, kamba ikisugua mwamba haimalizi msimu.

Fremu ya bomba la chuma lililochomelewa na mapipa ya lita 200 inafaa kwenye ghuba iliyofichika. Ukiipeleka nje inapasuka kwenye pembe, kwa sababu chuma hakipindi na wimbi linarudia pale pale usiku kucha. Huko nje ni plastiki ngumu ya duara, inapinda na kurudi. Bei yake ndiyo inayowafanya watu wajidanganye na chuma.

Msisahau fisi maji na mamba. Wavu mmoja hautoshi, weka wa nje mgumu. Juu funika kwa ajili ya ndege kama mnandi.

#14 Fundi Volti
Turudi kwenye nishati. Mhasibu aliweka injini za betri kwenye kapu moja na taa, hapo hesabu inagoma.

Injini ya nguvu za farasi 15 ni kilowati 11. Mwendo wa nusu chukua kilowati 5. Saa mbili kwenda, mbili kurudi, ni kilowati-saa 20. Betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, ina kilo 8 mpaka 10 kwa kila kilowati-saa pamoja na sanduku lake. Unabeba kilo 160 mpaka 200 kabla ya wavu na watu. Kuichaji unahitaji paneli za kilowati 6, yaani 15 za wati 400, na mtu wa kuzilinda. Petroli ya safari hiyo hiyo ni lita 12 mpaka 16 na oili yake mililita 20 kwa lita. Mvuvi anayekwenda mbali, kisiwa cha Goziba, hawezi kukuelewa.

Inapokubali ni boti ya kulishia vizimba: kilomita moja au mbili, mwendo mdogo, mchana, inarudi mwaloni kuchaji.

#15 Boya Jeusi
Asante Fundi. Kwa hiyo nishati mpya inafaa pale penye vizimba. Mwenye uzi umesikia?

#16 Mhasibu wa Ziwa
Nimesikia injini. Barafu bado hamjaigusa. Visiwani samaki na dagaa wanaozea njiani kwa kukosa barafu, na bado mnataka kuzalisha zaidi.

#17 Bi Nansio
Mkuu dagaa wanaanikwa, hawawekwi barafu. Barafu ni ya sangara na sato. Usichanganye, maana ni minyororo miwili tofauti na wanunuzi tofauti.

Kwenye dagaa hasara iko kwenye kuanika. Kilo nne hivi za wabichi zinatoa moja kavu. Ukianika mchangani mvua ya saa kumi ikikukuta umepoteza, na wenye mchanga bei yao ni ya chakula cha kuku. Kichanja cha mita moja kutoka chini, wavu uliokazwa, tabaka jembamba, turubai karibu. Hicho hakihitaji hata wati moja na kinarudisha pesa haraka kuliko taa zenu.

Na hapa vizimba na dagaa wanagongana: chakula cha samaki kinatengenezwa kwa soya na dagaa. Vizimba vikiongezeka, kiwanda cha chakula kinashindana na mama wa familia kwenye dagaa wale wale.

#18 Fundi Volti
Barafu basi. Kwenye joto letu panga kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Tani moja ya barafu inakula uniti 60 mpaka 90 kutegemea mashine na joto la maji. Paneli za kilowati 10 zinakupa uniti 40 mpaka 45 kwa siku, yaani nusu tani ya barafu, pengine zaidi kidogo. Kwa mwalo mdogo inatosha.

Faida yake ni kwamba huhitaji betri kubwa. Tengeneza barafu mchana, barafu yenyewe ndiyo akiba yako ya usiku. Kinachoharibika ni kuwasha kompresa: inavuta mara tatu mpaka sita ya umeme wake wa kawaida, inverta (kigeuzi cha umeme wa sola) inajizima, mwendeshaji anaiwasha tena na tena mpaka inaungua. Nunua inverta inayoipandisha kompresa mwendo taratibu. Na maji yawe yametibiwa klorini. Ulaya ilishawahi kufunga soko la sangara wa ziwa hili mwaka 1999 kwa hofu ya samaki wa sumu, kwa hiyo viwanda havina mchezo na usafi.

#19 Mtu wa Igombe
Kwa nini tuhangaike na paneli wakati bwawa la umeme la Rufiji lina megawati 2,115? Rusumo 80, Kishapu pale Shinyanga sola inajengwa mpaka 150. Mwanza siyo ile ya kutegemea majenereta ya Nyakato. Leteni nguzo tu.

#20 Kamba Nane
Rusumo 80 ni ya nchi tatu: sisi, Rwanda na Burundi. Gawanya kwanza. Halafu nguzo za kwenda kisiwa cha Irugwa utazisimika kwenye maji? Umeme wa taifa upo, shida ni kilomita za mwisho. Ndiyo maana Bwisya, kisiwani Ukara, walianza na gridi ndogo ya sola mwaka 2016.

#21 Mtu wa Igombe
Nyaya zinapita chini ya maji mkuu, siyo lazima nguzo.

#22 Kamba Nane
Zinapita. Sasa leta bei ya mita moja tuendelee, halafu uigawe kwa kaya za kisiwa chenye kambi zinazohama kila siku za giza, zisizo na mwezi, zikiisha.

#23 Sangara Mkavu
Mimi naona tungeomba tu bomba la mafuta la Uganda litupitie ziwani tuchukue ushuru.

#24 Mlima wa Bugando
Haligusi ziwa wala mkoa wa Mwanza. Linashuka magharibi, Kagera, Geita, Shinyanga, linaendelea mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,443, nyingi ziko kwetu. Linapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Hoima yana nta, yakipoa yanaganda.

Ukitaka funzo la kutoka nje kwenye maji marefu, angalia gesi ya kusini. Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar 2004. Miaka thelathini, na ile iko karibu na pwani. Gesi ya kina kirefu cha bahari ilianza kupatikana 2010, mtambo wa kuisindika Lindi bado haujajengwa. Rasilimali ikiwa mbali na nchi kavu, mtaji, soko na mkataba vinachukua muda kuliko kuchimba.

#25 Boya Jeusi
Unalinganisha kisima cha gesi cha mabilioni ya dola na wavu wa sato? Kizimba kinafungwa ndani ya wiki moja.

#26 Mwanasheria wa Mwalo
Kinafungwa wiki moja, vibali je? Idhini ya uvuvi, tathmini ya athari kwa mazingira ya NEMC (baraza la mazingira), kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na chombo chako kisajiliwe TASAC (wakala wa meli). Ukianza na kizimba ukamalizia na karatasi, unaweza kuambiwa usogeze nanga zote. Anza na eneo: chukua vipimo vya GPS vya kona nne, pita kwa BMU ya hapo (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), hakikisha hukai kwenye njia ya vyombo wala mazalia ya samaki. Ndipo mtaalamu wa mazingira aje. Watu wengi wanamlipa mtaalamu kwa eneo ambalo BMU wataligomea.

Na kama ni mkopo, soma kipindi cha kuanza kurejesha. Kikiwa miezi sita na samaki wako wanahitaji minane, utavuna wa gramu 250 ili ulipe rejesho.

#27 Siti ya Mbele
Huyu #26 ndiye aliyetakiwa kuwa #2. Asante mkuu.

#28 Kayenze Kwetu
Kwangu kilichobadilisha mambo ni barabara. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu, lori halisubiri kivuko. Samaki wa Sengerema na Geita anafika Mwanza akiwa na barafu yake. Saa mnazookoa pale ni barafu ambayo Fundi hahitaji kuitengeneza.

#29 Fundi Volti
Hiyo ni kwa mwenye samaki upande wa pili wa daraja. Wa Ukerewe kaskazini na wa visiwani bado yuko kwenye boti.

#30 Mhasibu wa Ziwa
Nimewasoma wote. Bado nasimama na nishati, ila nazipanga upya: barafu kwanza, vichanja vya Bi Nansio (havina umeme lakini nitaviweka humo humo), taa baadaye. Injini naziachia watu wa vizimba.

#31 Boya Jeusi
Umeondoa nusu ya hoja yako halafu unasema unasimama nayo. Na barafu utamwekea nani kama sangara wanapungua? Kizimba ndicho kitakachoijaza hiyo barafu.

#32 Bi Nansio
Na chakula cha kizimba kitatoka wapi? Tunazunguka.

#33 Kijana wa Kirumba
Samahanini wakuu nachomekea. Kwenye zile taa, ni sawa kuunganisha betri mbili za ampea-saa 7 ili kufikisha 14, badala ya kununua ya 18?

#34 Fundi Volti
Inawezekana kama ni mpya zote mbili, aina moja, na umeunganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukichanganya mpya na ya zamani, ya zamani itainyonya mpya na zote zitakufa pamoja. Weka fyuzi kwa kila moja. Lakini 14 nusu yake ni wati-saa 84, taa yako ya wati 10 itawaka kwa muda wa saa 8 hivi. Ukiwasha saa moja jioni, saa tisa usiku uwe umeshatupa wavu.

#35 Kamba Nane
Au weka taa ya wati 7, ukae mbali na boti nyingine.

#36 Kijana wa Kirumba
Ya wati 7 itavuta dagaa kweli?

#37 Bi Nansio
Kwenye giza la kweli itavuta. Tatizo ni kulipata hilo giza. Nenda nje ya Ukara siku za mwezi mwembamba, karibu na Igombe usijaribu.